Uwanja wa mawe, kisima cha chumvi: jinsi nilivyolima Kisauni bila kupenda kulima

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Mkono wa kulima sikuzaliwa nao wala sikuutafuta. Nilipohamia Kisauni, hapa Mombasa, uwanja wa nyuma ulikuwa na kifusi cha mjenzi, kamba mbili za kuanikia nguo na mwamba uliotokeza ardhini kama mgongo wa kiboko, nami niliridhika nao. Nia yangu ilikuwa kumwaga zege nipate mahali pa kufungulia mashine za watu. Kisha mama akahamia kwangu kutoka Mji wa Kale. Asubuhi ya kwanza alisimama mlango wa nyuma na kanga yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza: "Mwanangu, hata mrehani huna? Mgeni akija utamnusisha nini, gesi ya friji?"

Miaka minne imepita, na zege sikumwaga. Uwanja ule sasa unatoa mchicha, kunde, bamia, pilipili na ndizi, na mama ana asumini yake. Kabla ya kufika hapo nimeua miche mingi kuliko niliyookoa, na karibu yote niliiua kwa ujinga wa aina moja: kufuata maagizo ya watu wa bara, wenye udongo mwekundu unaozama mpaka kiunoni. Pwani yetu si hivyo. Haya ninayoandika ni ya mtu mwenye mawe chini, chumvi kisimani, mfereji unaotoa maji siku mbili kwa wiki, na asiye na hamu ya kuamka alfajiri kushika jembe. Ukiwa unapenda kulima, vumilia, huenda uvivu wangu ukakuudhi.

Hatua ya 1: Onja maji kabla hujanunua mbegu

Mimi nilianza na miche. Nilinunua kumi na miwili ya nyanya kando ya barabara, nikaichimbia vishimo, nikaimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Wiki ya pili ncha za majani zikawa kahawia, kingo zikajikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na jiko. Nikadhani ni jua, nikaongeza maji. Yakazidi kuungua. Kumbe kila ndoo niliyomwaga ilikuwa inaongeza chumvi.

Sababu yake si uchawi. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, umejaa matundu kama sifongo. Maji matamu ya mvua hukaa juu, maji ya bahari hujipenyeza chini yake, na kisima kikivutwa sana yale ya chini hupanda. Kwangu mimi kisima cha Juni unaweza kukipikia chai usijue. Cha Machi, mwisho wa kaskazi, ni mchuzi.

Fanya hivi. Chukua sinia mbili nyeusi au mifuniko miwili ya sufuria iliyoungua. Moja tia kikombe cha maji ya kisima, nyingine kikombe cha maji ya mfereji. Ziache juani mpaka zikauke kabisa, kisha pitisha ukucha. Ya mfereji itakuwa na vumbi jembamba. Ya kisima ikiwa na ukoko mweupe unaokwaruzika, weka tone lake kwenye ulimi. Ukiwa mchungu wa chumvi, umeshajua adui yako. Ukiwa kama chaki tu bila ladha, hiyo ni chokaa. Nayo ina taabu zake, ila haiunguzi majani. Watu huchanganya mambo haya mawili kwa sababu yote mawili hufanya sabuni isitoe povu.

Rudia jaribio hilo Februari au Machi. Usilifanye mwezi wa Juni ukajipongeza.

Jambo jingine la kisima ambalo halionekani kwenye sinia: mwamba wenye matundu haubagui. Shimo la choo la jirani likiwa karibu, maji yake nayo hupita. Maji ya kisima cha namna hiyo usiyanyunyizie mboga inayoliwa mbichi, hata kama si ya chumvi. Mimi kachumbari yangu haijaonja tone la kisima.

Sasa maji matamu utayatoa wapi? Ya mfereji yanasafiri kutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na yakifika kwangu yamechoka, yanadondoka saa saba usiku. Ya mkokoteni ni ya kununua kwa mtungi, na mchicha unaomwagiliwa maji ya kununua utakugharimu kama nyama. Kwa hiyo mimi nina vyanzo viwili.

Cha kwanza ni bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, hesabu rahisi kuliko zote. Paa langu lina mita za mraba 60. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 1,200, toa zinazoruka na kumwagika, nabaki na elfu moja. Tangi la lita 1,000 linajaa kwa mvua moja ya Mei. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inasafisha mavi ya kunguru.

Cha pili ni cha ufundi wangu, na watu hucheka mpaka waone ndoo. Kiyoyozi kinapopoza chumba hukamua unyevu hewani, na hewa ya Mombasa ni nguo iliyolowa. Maji yanayodondoka kwenye ule mpira wa nje hayana chumvi hata chembe, ni umande. Kile cha chumba cha mama, cha mtumba nilichokifufua mwenyewe, hunipa lita saba au nane kwa usiku mmoja wa kaskazi, yaani msimu ule ule kisima kinapokuwa mchuzi. Usiyanywe, yamepita kwenye vumbi na mabati. Lakini kwa miche ni maji bora niliyo nayo. Kama huna kiyoyozi, angalia ukuta wa jirani au wa duka lililo karibu. Mpira wake unadondosha barabarani bure, omba ruhusa uweke mtungi.

Hatua ya 2: Jua umesimama juu ya nini

Azima mtaimbo. Tembea uwanja mzima, kila hatua moja uudunde chini kwa nguvu. Unaposikia "ting" na mkono ukafa ganzi, hapo ni mwamba. Unapozama kiganja kimoja ukasaga, hapo ni kifusi. Unapozama mpaka goti, weka kijiti, hapo ni hazina. Mimi nilipata vijiti vitatu katika uwanja wa hatua kumi na mbili kwa tisa. Viwili vikawa vya migomba, kimoja cha mpapai. Kwingine kote niliacha kuchimba.

Hilo la kuacha kuchimba lilinichukua msimu mmoja kulikubali. Niliita kijana mwenye sururu, tukapasua mwamba siku mbili, tukapata shimo la ukubwa wa beseni. Nikajaza udongo, nikapanda mlimau. Mvua za Mei zilipokuja shimo likawa bakuli, maji hayakuwa na pa kwenda, mizizi ikaoza. Shimo ndani ya mwamba ni sufuria isiyo na tundu.

Kisha mwaga siki kijiko kimoja kwenye udongo wako mkavu, ukae kimya usikilize. Ukichemka na kutoa mapovu, una chokaa nyingi. Mimi wangu ulichemka kama soda. Udongo wa matumbawe ndivyo ulivyo, na tatizo lake ni kuwa unafungia madini ya chuma, mmea hauwezi kuyanyonya. Utaona jani changa limekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Mwenzangu mmoja aliniambia nitie jivu, na mwingine akasema chokaa kidogo. Mawaidha hayo ni mema kwa mtu wa bara mwenye udongo mchachu. Kwetu ni kumwongezea maji aliyezama. Jivu la jiko lako peleka kusugulia masufuria.

Hatua ya 3: Chagua kipande cha ukubwa wa mkeka

Wa watu wawili, si zaidi. Uchukue mkeka wenyewe, uutandike uwanjani saa tatu asubuhi, saa saba, na saa kumi, uone kivuli kinavyopita. Unatafuta mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane hivi. Ukuta unaotazama magharibi uuepuke, jioni unatoa joto kama tanuri la mkate. Mimi nilipapata nyuma ya tangi, karibu na mwarobaini wa jirani ambao matawi yake yameingia kwangu.

Kuhusu vifaa: karai, chepe, ndoo, panga. Vingine azima.

Hatua ya 4: Usichimbe chini, jaza juu

Ukifuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Kusanya mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi. Kila mtaa wa Kisauni una rundo lake ambalo mwenyewe angefurahi uliondoe. Panga ukuta wa mawe bila saruji, kimo cha goti, mita 1.2 upana ili ufikie katikati bila kukanyaga, mita 2.5 urefu. Tuta la namna hiyo likiwa na kina cha sentimita 40 linameza karibu lita 1,200, yaani toroli ishirini za lita 60. Nakwambia mapema ili usije ukanunua magunia matatu ukashangaa yanapotelea wapi.

Toroli ishirini za udongo mzuri sina pesa nazo. Kwa hiyo nusu ya chini najaza takataka, kwa mpangilio huu.

Kwanza boksi. Nina maboksi ya friji mengi kuliko ninavyoweza kuuza. La friji ya milango miwili likifunguliwa latosha nusu ya tuta. Bandua utepe wote na pini zote, lilowe kabisa, litandike juu ya mwamba na magugu. Litazuia majani yasiote na baadaye litaoza.

Pili makumbi. Nenda kwa muuza madafu, muombe, atakupa mpaka uchoke. Yapange yakitazama juu kama vikombe, yabane. Kumbi likishalowa hushika maji siku kadhaa, ndiyo benki yako ya kiangazi. Ila makumbi nayo yana chumvi yake, hasa yaliyolala karibu na ufuo. Mimi huyaloweka kwenye pipa siku tatu, namwaga maji, nayaloweka tena. Yale maji ya kwanza yana rangi ya chai ya rangi, nayamwaga njiani.

Tatu majani makavu, chochote ulichofagia, na hapa nina kisa kidogo. Kule Bamburi, kilomita chache kutoka kwangu, kulikuwa na machimbo ya saruji yaliyobaki jangwa la matumbawe, hakuna udongo kabisa. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo wa Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti pale, na mvinje ni mmoja wa michache iliyoshika. Majani ya mvinje yakaanguka, lakini yalikuwa makavu kama sindano, yakarundikana bila kuoza. Kilichoyageuza kuwa udongo ni majongoo. Waliletwa, wakala, wakanya, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo wa msitu ambao leo watu wanalipa kiingilio kuuona, Haller Park. Nilipelekwa pale na shule nikiwa mdogo, nikatazama twiga na kiboko, jongoo sikumjali. Siku hizi nikimwona mmoja barabarani baada ya mvua namchukua kwa kijiti, namleta nyumbani kama mgeni wa heshima. Mama hapendi. Anasema nyumba ya mtu haikaribishi wadudu.

Nne samadi. Ya ng'ombe au mbuzi iliyokauka na kupoteza harufu. Ya kuku ni kali. Mimi nilipewa magunia mawili na jirani anayefuga kuku wa nyama, nikatia mbichi, miche ikalala chini siku ya tatu kama iliyomwagiwa maji ya moto. Iache kwenye gunia mahali pakavu miezi miwili ndipo uiguse.

Juu kabisa udongo wenyewe, sentimita 15 mpaka 20. Ukinunua udongo mwekundu wa lori, kabla haujamwagwa chota konzi tano kutoka sehemu tofauti uchambue kwa vidole. Mimi nilimwamini dereva. Wiki tatu baadaye tuta lote likaota ndago, vijani vyembamba vyenye vijipu vidogo vyeusi mizizini, na kila kijipu ukikiacha kinazaa ukoo. Mpaka leo naing'oa Jumamosi moja kwa mwezi, na nikikutana na dereva yule namsalimu kwa shingo upande.

Kila tabaka lilowe kabla ya kuweka la juu yake. Baada ya miezi mitatu tuta litashuka kiganja kizima. Usishtuke, ongeza samadi na majani juu.

Kama huna mawe, tumia friji. Nasema kweli. Friza ya kulala ya lita 300 iliyokufa inameza toroli tano, na kuta zake zenye povu la kuzuia joto huifanya mizizi ikae baridi hata Februari. Lakini gesi itolewe kwanza na fundi, na kompresa iondolewe na mafuta yake, ndipo utoboe matundu sakafuni. Ukitoboa kabla utakata paipu na gesi itakutoka usoni. Mfuniko ung'oe siku hiyo hiyo, usiuache hata usiku mmoja, watoto wa mtaa hujificha humo na ukifunga hawatoki.

Hatua ya 5: Ngoja mvua, lakini uwe tayari kabla yake

Tuta langu linatakiwa kuwa limejaa ifikapo katikati ya Machi, ingawa joto la wakati huo linamfanya mtu achukie kila kitu. Mvua za masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Mbegu za mchicha na kunde natia na mvua za kwanza. Mei ni mwezi wa kukaa ndani, matone yake ni mazito, huchimbua mbegu ndogo na kuzitupa nje ya tuta, kwa hiyo usipande kitu laini. Mei hiyo hiyo, hata hivyo, inakufanyia kazi kubwa bila malipo: inaosha chumvi yote iliyojikusanya udongoni wakati wa kaskazi na kuishusha chini. Ndiyo maana ukuta wa mawe hauwi na saruji, maji yapate pa kutokea.

Juni mpaka Agosti, kusi likivuma na hewa ikipoa, ndiyo miezi ya nyanya na sukuma wiki. Nje ya hapo mimi siijaribu tena. Mvua za vuli, Oktoba na Novemba, ni nafasi ya pili, ndogo na haina uhakika. Kuanzia Januari naacha vile vinavyojitegemea, nami nalala.

Hatua ya 6: Panda vile ambavyo havikuhitaji

Mchicha ndio mmea wa mtu mvivu. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa konzi mbili za mchanga, maana ni ndogo kama vumbi, la sivyo zitaota kwa mafungu. Nyunyiza, papasa kwa kiganja, usifukie. Wiki tatu hadi nne unaanza kuchuma. Ukate juu ya vifundo viwili, usiung'oe, utachipua tena.

Kunde unapata majani mwezi wa kwanza na maharage yake baadaye, inastahimili chumvi kidogo na inatengeneza mbolea yake yenyewe kwa vinundu vya mizizini. Bamia loweka mbegu usiku kucha, tupa zinazoelea. Ndani ya miezi miwili unakula, ila chuma kila siku ya pili, ukiisahau wiki inakuwa mti wa kuchokorea meno. Spinachi ile ya majani mapana nayo huvumilia maji ya chumvi kuliko mboga nyingi. Maharagwe, karoti na vitunguu sahau, hivyo ni vya watu wenye maji.

Mlonge panda kipande cha tawi pembeni ya ukuta, kisha ukate juu kila unapokuzidi kimo.

Migomba iende kwenye maji ya bafu. Babu zetu walijua, ndiyo maana kila ua wa zamani una mgomba nyuma ya choo cha kuogea. Maji ya suuza la mwisho la nguo ni mazuri. Yale ya kwanza yenye povu la sabuni ya unga usiyapeleke kwenye mboga, sabuni hizo nyingi nazo zina chumvi ndani yake.

Mrehani wa mama upo kwenye debe karibu na mlango. Ukate vichwa vya maua kila unapoviona, la sivyo unatoa mbegu na kufa.

Hatua ya 7: Mwagilia mizizi, si hewa

Nilinunua chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kile cha bei ndogo kinachovuja. Nimekifukia katikati ya tuta mpaka shingoni, nikakijaza maji ya kiyoyozi, nikakifunika kwa kifuniko cha mkebe wa rangi ili mbu wasitage. Maji hujipenyeza polepole kwenye ukuta wa chungu na mizizi huja kukizunguka. Ninajaza kila siku ya tatu. Tuta langu lina vyungu viwili, na ndivyo vilivyonifanya nisiache kulima kabisa, kwa sababu nikiwa na kazi Diani siku mbili sirudi kukuta kaburi.

Juu ya udongo tandaza majani makavu unene wa vidole vinne. Makuti yaliyooza yakikatwakatwa ni matandazo mazuri. Udongo uliofunikwa hauunguzwi na jua, na maji yasipokaushwa haraka chumvi haipandi juu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, umwagilie mara moja maji matamu mengi sana, ndoo tatu kwa mkupuo, yashuke nayo. Vikombe vidogo vidogo kila siku ndivyo vinavyoijenga.

Ukilazimika kutumia kisima, changanya nusu kwa nusu na ya mvua, mwaga chini kwenye udongo, jani lisilowe, na usifanye hivyo kwa mche ambao haujatimiza mwezi.

Hatua ya 8: Wenye uwanja wao

Utagundua uwanja si wako. Paka wa Mombasa wakiona udongo laini hudhani umewajengea choo. Kunguru hung'oa mche, anautazama, anautupa. Hauli, anafanya kwa ufedhuli tu. Dawa ya wote wawili nimeipata kwa jirani: matawi ya bugenvilia yaliyokatwa, yenye miiba, yatandaze juu ya tuta mpaka miche ifike kimo cha kiganja. Bure, na hakuna mnyama anayeyakalia.

Konokono wakubwa hutoka mvua zikianza. Nilikuwa nawamwagia chumvi, mpaka nikajicheka: mtu anayelia chumvi mwaka mzima anatia chumvi tutani kwa mkono wake. Sasa natoka na tochi baada ya Isha, nawaokota kwenye ndoo. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na mboga uioshe vizuri, ute wao si salama.

Vidukari chini ya majani ya kunde: twanga majani ya mwarobaini karai moja, loweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji, chuja kwa kitambaa, tia kipande cha sabuni ya mche kilichokunwa, nyunyiza magharibi jua likishazama. Rudia kila wiki. Hauwaui papo hapo, kwa hiyo usivunjike moyo siku ya pili.

Na ukichimbua rundo lako la mboji ukakuta funza wanene weupe waliojikunja kama herufi C, wakubwa kuliko kidole gumba, huenda ni watoto wa yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi. Wape kuku. Hasa kama una mnazi, au jirani yako anao na mnasalimiana vizuri.

Hatua ya 9: Ile iliyobaki

Mlimau wa pili upo kwenye nusu pipa, juu ya mawe matatu, wenye matundu chini. Majani yake bado ni manjano yenye ramani ya mito, ingawa nimeacha kisima kabisa na unakunywa kiyoyozi peke yake. Ninautilia mboji kila mwezi na sasa nimeagiza dawa ya madini ya chuma ya kunyunyizia majani. Ukipona mtaona malimau yake, usipopona pipa litapata pilipili.

Asumini ilipanda ukutani mwaka wa pili. Alasiri mama huvuta kiti cha plastiki, anachuma vitumba kabla havijafunguka, anavitunga kwa uzi na sindano ya kushonea magunia kwa sababu macho hayaoni tundu la ndogo. Ikifika Magharibi vinafunguka mapajani mwake na uwanja wote unanukia, harufu ya mafuta ya kompresa inasalimu amri.

Jana, akiwa anatunga, aliinyooshea kidole ile kona yenye mgongo wa kiboko. "Na pale? Wangoja nini?"

"Pale ni mwamba, mama."

"Si una friza nyengine?"

Ninayo. Ya lita 200, imekufa kompresa, ipo chini ya ngazi. Jumamosi natoa gesi.